Bega Dhaifu

Mabega yangu ni mapana, na sijapata kuyaonea haya. Fundi aliyenishonea gauni la harusi alinipima mara mbili akidhani futi yake imekosea. Nalisema hili mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyeandikiwa, kwa kalamu nyekundu, maneno mawili: bega dhaifu.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Ushirika ulikuwa hoi, na wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wakiingia Masasi na malori yao, mizani zao na ahadi zao. Mmoja wao alitaka timu ya riadha itakayovaa jina la kampuni yake kifuani. Wasichana wawili wa kurusha tufe wangechukuliwa, wapelekwe kambini Dar es Salaam, kisha waajiriwe. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa Chilangala, juu ya mlima wa Newala, kwa bibi mzaa mama, sina mbele wala nyuma. Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Na nilistahili. Maji yangu na ya bibi niliyateka mimi bondeni, kama kila mtu wa kule juu. Unateremka mlima alfajiri, unavuta ndoo kwa kamba kutoka kisimani mpaka mikono inawaka moto, unapanda tena na ndoo kichwani, na ukifika unatwanga makopa ya muhogo. Shuleni tufe letu lilikuwa la saruji, mwalimu alilifinyanga mwenyewe, na siku moja nililirusha likavuka uwanja likaangukia maboga ya mke wa mwalimu mkuu. Hakuna aliyepima umbali. Walikwenda kuhesabu maboga.

Basi akaja mtaalamu wa kampuni kutuchagua. Alikuwa mtu wa makamo, rika la baba yangu, amevaa traksuti ya mtumba yenye maandishi ambayo naamini hata yeye hakuyajua maana yake. Shingoni alining'iniza filimbi, na aliipuliza hata alipotaka kuletewa maji ya kunywa. Akatukusanya kwenye ghala moja la korosho lililokuwa tupu, akatangaza kwamba hakuja kutazama nani anarusha vizuri.

"Kurusha nitawafundisha mimi," akasema. "Leo napima nguvu ya bega."

Mtu akirusha amesimama, alitueleza, miguu na kiuno vinamsaidia, na bega linajificha nyuma yao. Kwa hiyo tungekaa chini, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa na kupanuliwa, mpira mzito kifuani, tuusukume kwa mikono miwili. Hapo alikuwa anasema kweli, nakiri. Kipimo chenyewe si kibaya, na baadaye nimekitumia miaka mingi. Ubaya ulikuwa kwa aliyekishika.

Mpira wenyewe ulikuwa wa miguu, umepasuliwa, ukajazwa mchanga, ukashonwa na mtu mwenye haraka zake. Mshono ulivuja. Kila aliyerusha alimpunguzia uzito anayefuata, hata wale wa mchana wakarusha mpira mwepesi kuliko wetu wa asubuhi. Mchanga ulikuwa sakafuni, wazi, unaonekana, na mtaalamu aliukanyaga akienda na kurudi bila kujiuliza umetoka wapi. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, kwenye jedwali la wanariadha wa nchi za watu. Mimi nilikuwa wa tatu kuitwa.

Sasa, mlinzi wa ghala lile alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye nilifikia kwake Mkomaindo, palepale Masasi. Kwetu mjomba si mtu wa mchezo. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake, na binti aliyetoka unyago amekwisha kufundishwa namna ya kukaa mbele yake: miguu pamoja, imekunjwa upande, nguo imefunika magoti. Mengine ya unyago hayaandikwi. Hili naliandika kwa sababu Newala na Masasi nzima inalijua, isipokuwa mtaalamu.

Nilitegemea mjomba atatoka. Ndivyo wanavyofanya wakubwa. Wakiona mabinti wana shughuli yao hujikohoza, wakainuka, wakaenda zao. Wazee wawili waliokuwa wakizungumza naye mlangoni waliondoka mara tu mtaalamu alipotuonyesha jinsi ya kukaa. Mjomba alibaki kwenye kiti chake, rungu magotini. Nisingeweza kumwomba atoke. Hakuna mpwa anayemfukuza mjomba wake.

Nikakaa nilivyofundishwa.

"Wewe! Panua miguu!" mtaalamu akafoka.

Msichana mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Mjomba akatazama juu, kwenye mabati.

"Naomba nikae hivihivi, baba," nikasema.

"Kaa unavyotaka. Mpira ndio utakaosema."

Jaribu mwenyewe kukaa upande, usukume mzigo kutoka kifuani. Mwili unapinda, mgongo unaacha ukuta, nguvu inapotelea pembeni. Nilirusha mara tatu, na mara tatu mpira ulikwenda kushoto ukadondoka karibu. Mtaalamu akavuta futi yake, akatazama jedwali, akaandika yale maneno mawili. Nilivyokaa hakuandika popote. Wakachukuliwa wasichana wawili wa mjini waliovaa suruali, waliorusha mchana, wasiokuwa na mjomba mlangoni. Mmoja wao nilizoea kumpita hatua nne nzima katika mashindano ya shule.

Jioni mjomba alinisifu mbele ya mkewe.

"Umekaa vizuri leo, mwanangu. Umenipa heshima."

Nikamwambia ahsante. Kesho yake nikarudi Chilangala kwenye kamba ya kisima, na nililia njia nzima kwa hasira.

Miaka ilipita, nikasomea ualimu, nikawa mwalimu wa michezo katika shule moja upande wa Lukuledi. Nikipima mabega ya wasichana, wanaume wote hutoka nje, mwalimu mkuu akiwa wa kwanza. Mpira naushona mara mbili na kuupima uzito kabla na baada. Kando ya kila namba naandika binti alikaaje, na mara ya mwisho alirusha umbali gani, maana namba peke yake haina habari. Na katika chumba cha walimu niliisimulia hadithi ya mtaalamu mara nyingi sana, filimbi na yote, mpaka watu wakashika mbavu. Katika hadithi yangu mjinga alikuwa mmoja.

Mjomba alipozeeka miguu ilimkatalia, akarudishwa Chilangala. Likizo zangu nilikuwa nikimbeba kila asubuhi kutoka kitandani mpaka barazani, aote jua. Siku moja, nikiwa nimembeba hivyo, akanishika begani.

"Una mabega, mwanangu."

"Yapo, mjomba."

"Nilijua. Siku ile ya ghalani nilijua utawapita wote."

Nikacheka, nikaanza kumtukana mtaalamu kama kawaida yangu. Akanikatiza.

"Yule hakujua kitu. Mimi nilijua. Ndiyo maana sikutoka."

Nikasimama palepale mlangoni.

"Ungeondoka," akasema, "mama yangu angetekewa maji na nani?"

Alisema bila haya, kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga mlango wa zizi. Kumbe katika watu wote waliokuwemo ghalani, mlinzi ndiye pekee aliyelisoma bega langu sawasawa, tena kabla mpira haujarushwa.

Nilikuwa bado nimembeba. Nilitamani kumwachia. Nasema kweli, nilitamani. Nikamshusha taratibu kwenye mkeka, nikaiweka miguu yake pamoja, nikaifunika kwa shuka.