Sauti ya ‘Tafadhali Subiri’ iliyouzwa kwa trei mbili za mayai

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja amejifungia ndani ya kabati la nguo. Milango ya kabati ameivuta kwa ndani na kuifunga kwa mkanda wa suruali ya mumewe. Kutoka humo inasikika sauti ya upole, laini kama uzi wa hariri.

“Tangi imara. Tangi la familia yako.”

Kisha sauti ile ile, safari hii bila upole wowote: “Huyu naye ameshaanza!”

Upande wa pili wa ukuta, fundi wa kuchomelea mageti amewasha mashine yake. Kabati linafunguka. Mama anatoka amelowa jasho, blanketi begani, kipaza sauti mkononi, na kwenda moja kwa moja dirishani.

“Shemeji! Nipe dakika kumi tu!”

“Jana uliniomba kumi nikakaa nusu saa,” fundi anajibu bila kuinua uso. “Na hili geti lina mwenyewe.”

“Ni tangazo la sekunde thelathini!”

“Sekunde thelathini ndizo zinakumalizia asubuhi nzima?”

Mama anafunga dirisha na kumgeukia mwandishi wa makala haya. “Umemsikia? Hata yeye anadhani nauza sekunde.”

Mtaani kwao wanamwita Mama Tafadhali. Ana umri wa miaka thelathini na minane, watoto wawili, mume seremala, na mama mkwe anayeishi nao. Kazi yake ni kuuza sauti mtandaoni: matangazo ya biashara, masomo ya kusikiliza, maelekezo yanayotolewa na simu za makampuni. Mteja anamtumia maneno, yeye anayasoma, anayasafisha kelele kwenye kompyuta kuukuu na kuyarudisha. Kabatini anaingia kwa sababu nguo humeza mwangwi.

“Kusoma hakunisumbui,” anasema. “Kinachonisumbua ni swali moja tu: bei gani? Hilo swali limenizeesha.”

Kabla ya hapo alikuwa mpokeaji simu katika ofisi ya bima. Tawi lao lilipofungwa, mwenzake mmoja alimshauri ajaribu mtandaoni, kwa kuwa hata wateja waliopiga simu kugomba walikuwa wakimaliza kwa kumshukuru. Akajiandikisha kwenye tovuti ya vibarua wa mtandaoni. Alipofika penye nafasi ya kujaza bei, akakwama.

“Nilikaa nikiangalia ile nafasi kama mtoto aliyeitwa ubaoni,” anasema. “Nikatazama wenzangu wanatoza kiasi gani. Nikamchukua wa chini kabisa, nikakata nusu. Nikajiona mjanja.”

Wateja walikuja kama inzi kwenye ganda la embe. Na kama inzi, ukiwafukuza huku wanatua kule.

Anamkumbuka muuza magodoro mmoja. “Alitaka nisome kwa furaha. Nikasoma kwa furaha. Akasema furaha imezidi, hili ni godoro, si harusi. Nikapunguza. Akasema sasa nasikika kama nimefiwa. Nikarudia, nikarudia, mpaka koo likakauka. Mwisho wa yote akachukua ile ya kwanza!”

Mama mkwe wake, aliyeketi kwenye kochi akichambua mchele, anadakia. Yeye aliuza mayai sokoni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mpaka leo kila hela anaipima kwa trei.

“Siku hiyo nilimuuliza, mwanangu, umeshinda kabatini tangu asubuhi, umepata nini? Akanitajia. Nikamwambia hiyo haifiki hata nusu trei. Kuku wangu walikuwa wanaingiza zaidi ya hapo, na wao walikuwa wamekaa tu.”

“Lakini mama huyu huyu,” Mama Tafadhali anasema, akimnyooshea kipaza sauti, “ndiye anayenigawa bure! Mwenzake wa chama cha akiba ana mahafali ya mjukuu, anamwambia, ‘Mkwe wangu atakusomea salamu, ni maneno tu.’ Maneno tu! Mbona wewe mama hukuwahi kusema ni mayai tu?”

Mama mkwe, ambaye nyumbani wote humwita bibi, anacheka na kuendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Kilichombadilisha Mama Tafadhali kilianza na ujumbe wa mtu ambaye hajawahi kuonana naye uso kwa uso mpaka leo. Ni wakala anayechukua kazi kwenye makampuni na kuzigawa kwa wasomaji. Nyumbani wanamwita Dalali.

Dalali alituma ukurasa mmoja wa maneno. Karibu. Asante kwa kupiga simu. Tafadhali subiri. Simu yako ni muhimu kwetu. Mama akayasoma mchana mmoja, akayasafisha, akatuma. Malipo yalikuwa sawa na trei mbili za mayai. Hakuuliza ni ya kampuni gani wala yatatumika kwa muda gani.

“Na nilifurahi,” anasema akitikisa kichwa. “Nilikwenda nikanunua mayai kweli.”

Miezi ikapita. Akajinyima, akaagiza kipaza sauti bora kutoka mji mwingine. Mzigo ulitakiwa kufika ndani ya wiki moja. Wiki ikaisha, ya pili nayo ikaisha. Jioni moja akaamua kuipigia simu kampuni ya kusafirisha mizigo, familia nzima ikiwa sebuleni, sauti ya simu ikiwa imefunguliwa ili wote wasikie.

Simu ikapokelewa. “Karibu. Asante kwa kupiga simu.”

Bibi akainua kichwa. “Mbona huyu anaongea kama wewe?”

“Tafadhali subiri,” simu ikaendelea. “Simu yako ni muhimu kwetu.”

Mumewe, ambaye anasimulia sehemu hii kwa raha zote, anasema mkewe aliitazama simu kama mtu aliyeona kichwa chake dukani kwenye kioo cha maonyesho. “Mimi nilianguka chini kwa kicheko. Watoto wakawa wanaitikia: ‘Tafadhali subiri!’ Na yeye anasubiri! Hawezi kukata, mzigo ni wake.”

“Nilisubiri,” Mama anathibitisha kwa uchungu. “Nikajiambia simu yangu ni muhimu. Nikajiambia tena. Nikawa najidanganya mwenyewe kwa sauti yangu mwenyewe, mpaka salio likaisha.”

Kesho yake mume akakisimulia kisa hicho karakanani kwake. Jina la Mama Tafadhali likazaliwa hapo, na halijafutika.

Mama mwenyewe alicheka na wenzake jioni ile ya simu. Lakini kicheko kilipoisha, aliingia chumbani akakaa kitandani, hasira zikapanda taratibu. Kampuni ile ina matawi kila mji. Kila mwenye mzigo uliochelewa, na ni wengi, anamsikiliza yeye. “Wanatukana, na wanayemtukana ni mimi. Nikasema, basi angalau matusi yangelipiwa.”

Akampigia Dalali. Majibu aliyopewa anayakumbuka neno kwa neno.

“Dada, uliuza, nikanunua. Ukinunua kiti, unamlipa seremala kila unapokaa?”

Mke wa seremala akakata simu. Alikwenda na swali hilo mpaka karakana. Mumewe aliacha randa, akafikiri.

“Kiti changu kikikaliwa na watu wengi hivyo kitavunjika, wataniita tena,” akamwambia. “Sauti yako haivunjiki. Umewauzia kiti cha milele kwa bei ya kigoda.”

Tangu siku hiyo akaanza kuwasaka wenzake wa kazi hiyo. Mwanamke mmoja anayesoma masomo ya shule akamfungua macho: wazoefu hawatozi kwa sekunde. Wanauliza kwanza sauti itasikika wapi, kwa muda gani, na mteja atarekebishiwa mara ngapi kabla ya kuongeza malipo. Tangazo la duka la mtaani haliwezi kulingana na la kampuni ya nchi nzima, hata kama maneno ni yale yale.

Mama akabadilisha bei zake. Wateja wakatoweka kama umande.

“Simu ilinyamaza mpaka nikawa naizima na kuiwasha nikidhani imeharibika,” anasema. “Wachache walioandika waliandika kunisimanga. Mmoja akaniuliza, ‘Kwani wewe ni nani?’”

Karakana nayo ilikuwa imepungukiwa kazi kipindi hicho. Ada ya watoto ilikuwa inagonga mlango. Mumewe, ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno mengi, akamwambia usiku mmoja wakila: “Mke wangu, nusu shari ni bora kuliko shari kamili. Rudisha ile bei.”

“Na wewe utauza kitanda kwa bei ya mbao?”

“Kama hakuna anayenunua kitanda, nitauza.”

Waliacha kuongea kwa siku kadhaa. Bibi ndiye aliyekuwa akipeleka ujumbe kutoka chumba hadi chumba, na anakiri kwamba mwingine aliuongezea chumvi.

Katikati ya ukame huo, Dalali akajitokeza. Kampuni ya mizigo imebadilisha saa za kazi na kufungua matawi mapya, inahitaji sentensi tatu zaidi, kwa sauti ile ile. Kwa kuwa ni sentensi tatu tu, akasema, atampa nusu trei. Yeye hakusema trei, lakini bibi ndivyo alivyotafsiri.

Mama akavuta pumzi. Akamwambia bei yake sasa ni kwa sauti yote, ya zamani na mpya, kwa mwaka mmoja. Akataja kiasi ambacho bibi anakiweka kwenye trei mia na ishirini.

“Dada, umeota?” Dalali akacheka na kukata simu.

Mume alipoambiwa alitoka nje. “Nilimwona kapita dirishani anakwenda, anarudi, anakwenda,” Mama anasema. “Nilishaandika ujumbe wa kumwomba Dalali turudi nyuma. Mama mkwe akanipokonya simu akaikalia.”

“Nilikaa juu yake kabisa,” bibi anathibitisha. “Soko halitaki mtu anayemkimbilia mteja mgongoni.”

Kampuni ikampata msomaji mwingine kwa zile sentensi tatu. Bibi akaanza kuipigia kila mara ili asikie. Mwanamke mmoja anakukaribisha kwa upole, ghafla mwingine mwenye sauti nyembamba anakutajia saa za kazi kama anayefukuza kuku, kisha yule wa kwanza anarudi kukuambia usubiri.

“Kama nyumba aliyoingizwa mke mwenza bila taarifa,” bibi anasema.

Wapigaji walidhani wamehamishiwa ofisi nyingine, wakawa wanakata simu na kupiga upya. Malalamiko yakazidi. Haukupita mwezi, Dalali akarudi, sauti imepoa.

“Dada, ile bei yako bado ipo?”

Hapa Mama anainuka na kusimulia akiwa amesimama, kwa sababu akiwa amekaa hasira haitoki vizuri. Anasema alikuwa amejiandaa. Angeitaja bei ile ile, Dalali angelia, yeye angeshuka polepole mpaka trei themanini, na hapo angegoma.

“Nikamwambia, bei ni ile ile. Akasema, ‘Sawa. Nitumie namba ya akaunti.’ Hivyo tu! Hata hakupumua! Hapo hapo nikajua nimejipunja tena.”

Mume alimbeba juu juu. Bibi alipiga vigelegele mpaka fundi wa kuchomelea akaja kuuliza nani anaolewa. Ada ikalipwa, na deni la dukani likafutwa. Mama peke yake ndiye aliyenuna.

“Watu wanashangilia, mimi natafuta kikombe cha kuvunja. Mtu akikubali upesi namna ile, maana yake mfukoni alikuwa na hela nyingine. Sasa ilikuwa kiasi gani? Trei mia mbili? Mia tatu? Sitajua mpaka nakufa.”

Wiki chache baadaye yeye na wasomaji wenzake wachache walikubaliana kiwango cha chini ambacho hakuna atakayeshuka chini yake. Kabla wino haujakauka, mmoja wao akachukua kazi kwa robo ya kiwango hicho. Mama akampigia akiwa amejaa moto.

“Akaniambia, ‘Dada, mtoto alikuwa anaumwa.’ Moto wote ukazimika. Ungemjibu nini? Nikamuuliza hali ya mtoto, nikakata simu, nikakasirika upya, lakini sikujua namkasirikia nani.”

Mkataba wa kampuni ya mizigo unaisha mwisho wa mwaka, na Dalali ameshadokeza kwamba wanataka kuendelea. Safari hii Mama anafanya mazoezi. Mchana huu, kazi ya tangi ikiwa imeshatumwa, bibi anaweka sinia la mchele kando na kujifanya Dalali.

“Haya dada, bei gani?”

Mama anataja kiasi kikubwa. Bibi hasemi kitu, anamkodolea macho tu. Sekunde chache zinapita.

“Lakini tunaweza kuongea,” Mama anasema.

“Aaa! Umeharibu!” Bibi anapiga kochi kwa kiganja. “Nani amekuambia uongee? Mimi nikishataja bei nilikuwa naangalia pembeni, nafunga kanga upya. Rudia.”

Wanarudia. Mara ya pili Mama anastahimili kidogo zaidi, kisha anapunguza bei mwenyewe. Mara ya tatu anauma midomo, mashavu yamemvimba, na wote wawili wanaangua kicheko.

Akishatulia anafuta machozi kwa ncha ya kanga, na uso unarudi kuwa wa mtu mwenye kazi mbele yake. Mwisho wa mwaka, anasema, anataka kitu kimoja.

“Nitaje bei, halafu upande wa pili pawe kimya. Kimya cha mtu anayepiga hesabu. Na nisiwe mimi wa kukivunja.”