Wakenya Watatu wa Mabatini

Nilifika Mwanza Jumapili jioni, na begi moja na godoro jembamba nililolikunja na kulifunga kwa kamba ya katani. Nyumbani waliniambia ukienda Tanzania bila godoro utalala chini. Mama aliyenipokea mtaa wa Mabatini alikuwa na magodoro mazuri kuliko langu. Alilitazama, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi, kisha akalitandika kwenye banda la kuku. Wiki hiyo yote kuku ndio walioishi kama wageni.

Mimi ni Mjaluo wa upande wa Kenya, kijiji cha wavuvi, basi mbili na mpaka mmoja kutoka hapo. Nilimaliza darasa la nane na shule ikaniaga vizuri tu, bila machozi pande zote mbili. Baba alimfahamu huyo mama kwa biashara ya dagaa pale mpakani. Ni huyo mama aliyemwambia baba kwamba Mwanza kuna mtu kafungua chuo cha ufundi wa injini za boti. Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Sangara walikuwa wanapanda ndege kwenda Ulaya wakiwa minofu, wavuvi walikuwa wanaacha makasia wananunua injini, na injini zilikuwa zinakufa kila wiki. Chuo chenyewe kilikuwa ndani ya ghala la pamba la ushirika uliokwisha kufa. Ukipiga chafya pamba zilishuka kutoka darini.

Jumatatu mkuu wa chuo alinipa fomu. Mwanafunzi kutoka nje ya nchi lazima airudishe imejazwa na mjumbe wa nyumba kumi, yenye mhuri, ikieleza anaishi wapi na nani. Mwisho Jumatatu inayofuata.

"Isipofika?" nikauliza.

"Yule pale kwenye benchi unamwona?"

Nikamwona. Kijana wa Kigoma, amekaa na begi lake miguuni, anakula karanga bila haraka.

"Yule ndiye atakaa kwenye kiti chako," mkuu akasema.

Sikuwa na nauli ya kurudi. Baba alikuwa amenipa ya kwenda tu, nadhani kwa makusudi.

Kutoka nyumbani kwenda bombani unapita mbele ya nyumba ya mjumbe. Nje ya ile nyumba, kwenye kigoda cha miguu mitatu, alikuwa anakaa baba yake mjumbe, mzee wa Kisukuma mwenye koti zito la kahawia hata jua likiwa la kuchoma mawe, na Mabatini mawe ni mengi. Jumatatu asubuhi nilipita na ndoo. Huko kwetu shikamoo hatuna, lakini mama mwenyeji wangu alikuwa ameshanifundisha.

"Shikamoo babu."

"Malahaba. Wewe nani?"

"Mimi Mkenya, nakaa kwa mama wa dagaa."

"Umekuja lini?"

"Jana."

"Ahaa. Bado mgeni," akasema, akaridhika, akafumba macho.

Jumanne nikapita na ndoo ileile. "Wewe nani?" akauliza. Nikamwambia. "Umekuja lini?"

Sasa hapo mtu mwenye adabu angesema juzi. Mimi nikasema, "Jana."

"Ahaa. Bado mgeni."

Jumatano hivyohivyo. Sikuwa na ubaya. Nilikuwa sina rafiki hata mmoja katika mji huo, na huo ulikuwa mchezo wangu pekee. Isitoshe yeye alifurahi. Kila siku alipokea mgeni mpya.

Jumatano jioni mama alinichukua na fomu yangu tukaenda kwa mjumbe. Alikuwa mtu mfupi, mpole, anayeongea kama anapima kila neno kwenye mizani. Babu alikuwa ameshaingia ndani kulala. Mjumbe aliisoma fomu mbele na nyuma, akamrudishia mama.

"Mama, mimi nitasaini. Lakini kwanza nionyeshe na wale wengine."

"Wengine nani?"

"Wakenya. Baba yangu anakaa pale nje kutwa nzima, na kila jioni ananipa habari. Juzi kasema kuna Mkenya kafika kwako jana yake. Jana kasema kafika Mkenya. Leo, Mkenya tena. Mpaka sasa nina Wakenya watatu. Wewe una vyumba viwili."

"Mjumbe, mimi nina Mkenya mmoja tu, na huyo mmoja anakula kama watatu. Labda ndiyo sababu."

"Mzee hasemi uongo."

"Sijasema anasema uongo. Nasema ni mzee."

Mjumbe hakupenda hilo. "Ijumaa nitakuja kuhesabu mwenyewe," akasema. "Watu wa nje siku hizi wanaingia kila namna, na mhuri ni wa kwangu."

Nilikuwa nimesimama pale katikati yao. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lingekuwa: nimekuwa namchezea baba yako. Nikatazama miguu yangu. Tukarudi nyumbani, mama analaumu uzee, mimi nakubali.

Alhamisi asubuhi kigoda kilikuwa na mtu kama kawaida, ila nilipita upande wa pili ili nisiulizwe. Mchana mzee alijilaza baada ya kula, hakuamka. Nilipotoka chuoni nilisikia vilio kuanzia barabarani.

Ijumaa mjumbe hakuja kuhesabu mtu. Maturubai yalifungwa kati ya nyumba yake na mwamba wa nyuma, wanawake wakajaa ndani, wanaume nje, katekista akasalisha. Mama alisema maziko yatakuwa Jumamosi shambani kwao Kiseke, na kwamba mtoto wa nyumba yake lazima akae msibani. Nikakaa.

Misiba naijua. Kwetu mtu mzima akifa tunalia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa, ng'ombe wanaswagwa, kifo kinafukuzwa kwa mikuki. Lakini niliyoyaona pale sijawahi kuyaona. Saa nne hivi aliingia mtu mrefu mwembamba, fundi cherehani mwenye kibaraza chake huko Mirongo. Hakumsalimia mtu. Alipitiliza ndani, akatoka amevaa lile koti la kahawia la marehemu na kushika fimbo yake, akakaa kwenye kigoda, akaanza kukohoa kikohozi cha babu kilekile, viwili vifupi na kimoja kirefu.

"Nani kasema nimekufa?" akasema. "Nilikuwa nimelala. Leteni uji. Na huyu mwanangu mbona analia, si alikuwa anangoja nyumba?"

Nikangoja apigwe. Hakupigwa. Mjumbe mwenyewe alifuta machozi akatabasamu. Mjane alichungulia mlangoni, akacheka huku analia, akasema kwa Kisukuma kitu ambacho nilitafsiriwa: mpeni uji mzee wangu, ameamka na njaa. Fundi akaletewa uji. Akalalamika kuwa hauna sukari, kwamba hata akiwa maiti anabaniwa. Watu wakacheka, kisha wakalia, kisha wakacheka, na ule mzigo wa pale nje ukawa unabebeka.

Nikajiambia: kumbe huku ndivyo walivyo. Na kama kuna kitu ninachokiweza duniani, kabla ya injini, kabla ya samaki, ni kumwiga mtu. Shuleni niliwaiga walimu wote mpaka wakaniomba niache. Fundi alipoinuka kwenda kunawa, akaacha koti na fimbo juu ya kigoda. Nikavaa koti. Nikakaa. Nikafumba jicho moja kama yeye.

"Wewe nani?" nikasema kwa sauti ya babu. Nikageuza kichwa, nikajijibu kwa sauti yangu, "Mimi Mkenya, nakaa kwa mama wa dagaa."

"Umekuja lini?"

"Jana."

"Ahaa. Bado mgeni."

Nilikuwa nimemwiga vizuri mno, nasema kweli. Mjane aliyekuwa mlangoni alishika nguzo. Hakuna aliyecheka. Hata kuku walinyamaza, au ndivyo ninavyokumbuka. Mjumbe alinitazama, na nikaona usoni mwake Wakenya watatu wanarudi kuwa mmoja. Akasimama, akaingia ndani.

Mama mwenyeji wangu alinivua lile koti mwenyewe, mkono mmoja mmoja, kama unavyomvua mtoto aliyejinyea.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema taratibu. "Mimi nimemwita mzee wa watu hana akili mbele ya mwanawe, kumbe ni wewe."

"Mama, mbona yule fundi..."

"Nyamaza. Nenda kasimame kule."

Kule kulikuwa nyuma ya mwamba, walikoweka kuni. Nikasimama. Nikafikiria kijana wa Kigoma na karanga zake. Baadaye kidogo fundi cherehani alinifuata, mikono bado ina maji.

"Nani kakupa kiti changu?"

"Hakuna. Nimeona watu wanacheka."

"Wananicheka mimi. Mimi Mzaramo, hawa Wasukuma. Mimi mtani wao. Babu zangu na babu zao walishatukanana wakamaliza. Wewe kabila gani?"

"Mjaluo."

"Mjaluo na Msukuma hamjaanza bado. Ukimwiga marehemu wao, umewatukana. Nikimwiga mimi, nafanya kazi."

"Kazi gani hiyo, ya kunywa uji?"

Hilo lilinitoka tu. Nikadhani sasa kweli nitapigwa.

"Una mdomo," akasema. "Kuchimba kaburi unajua?"

"Najua. Kwetu vijana ndio wanachimba."

"Kesho alfajiri uje Kiseke. Wao hawashiki jembe, wamefiwa. Anayecheka msibani ndiye anayechimba. Hujui hilo? Uji ule ni wa jembe. Wewe umeshakula kicheko bila kufanya kazi, sasa una kazi."

Alfajiri nilikwenda nimepanda nyuma ya lori la mchanga, na majembe mawili na mtaimbo. Shamba lao lilikuwa juu kidogo, ukisimama unaliona ziwa limekaa kimya upande mmoja kama halihusiki. Kwetu udongo ni mweusi, unachimba unaimba. Kiseke nilichimba kufika kiunoni tu, nikagonga jiwe. Fundi akasogeza kaburi hatua mbili. Jiwe. Ikawa lazima tulivunje. Alikuwa fundi wa sindano, mkono wake laini, baada ya saa moja malengelenge yalikuwa yamepasuka, akakaa ukingoni kuniambia namna ya kupiga.

"Piga kama una hasira."

"Sina hasira."

"Basi piga kama unaogopa kurudi kwenu."

Nikapiga hivyo. Jiwe likapasuka karibu na saa tano. Mjumbe alikuwa amefika na watu waliotangulia. Alikuja akasimama juu ya shimo, akanikuta ndani, nimejaa vumbi mpaka kwenye meno. Ilibidi mimi nianze kusema, na nikiwa chini pale ilikuwa rahisi zaidi, maana nilikuwa naona viatu vyake tu.

"Mjumbe, nilikuwa napita kila asubuhi. Aliponiuliza nilimwambia jana. Siku zote tatu. Alikuwa anafurahi, nami nikawa naendelea. Kosa ni langu, si la mzee."

Viatu havikusogea.

"Alikuwa anafurahi?" akauliza.

"Ndiyo. Alikuwa anasema bado mgeni, kisha anafumba macho."

Viatu vikaondoka.

Tulipomaliza kuzika, fundi alilala kwenye njia ya kurudia na kuzuia watu wasipite mpaka apewe kuku. Akapewa jogoo. Akadai na wa pili. "Wa nini?" mjumbe akamuuliza.

"Wa jembe langu," akasema, akaninyooshea fimbo. "Hili hapa. Jembe la Kenya, linakula."

Mjumbe alinitazama. Kisha akamwambia mdogo wake akamate kuku mwingine. Alikuwa tetea mdogo, mwembamba, miguu mirefu. Nikamshika kwapani mpaka Mabatini, na mama alipotuona tunaingia alimfungulia tu mlango wa banda, tetea akaenda kukaa kwenye godoro langu.

Jumatatu asubuhi mjumbe alikuwa bado yuko mkekani na waombolezaji, fundi naye yupo, anakunywa chai ya wenyewe. Nikampa mjumbe shikamoo, nikatoa fomu. Ilikuwa imekunjika na ina jasho. Akaomba kalamu, akaiweka fomu juu ya kile kigoda.

"Umekuja lini?" akauliza.

"Jumapili ya wiki iliyopita."

Akaandika. "Na wale wenzako wawili?"

Nikatazama uso wake, haukusema chochote. Nikamtazama fundi. Fundi alikuwa anapuliza chai.

"Wamerudi mpakani," nikasema. "Walisikia Kiseke kuna mawe."

Mmoja kati ya wale wazee akakohoa kuzuia kicheko. Mjumbe aliendelea kuandika polepole, akafika mahali pa uhusiano wa shahidi na mwanafunzi, akasimama hapo kidogo, akaandika neno moja, akagonga mhuri.

Chuoni yule wa Kigoma alikuwa bado kwenye benchi. Mkuu aliisoma fomu, akafika mwisho, akavua miwani.

"Mtani?" akasema. "Wajaluo na Wasukuma wamekuwa watani tangu lini?"

"Tangu Jumamosi," nikamwambia.

Akatazama viganja vyangu, vilivyokuwa vimefungwa vipande vya kitambaa kutoka kwenye cherehani ya Mirongo, akaiweka fomu kwenye faili. Akaniambia nikachukue ovaroli. Jioni nilipokuwa narudi kutoka bombani, kigoda kilikuwa bado nje, kitupu. Nikapita na ndoo yangu, nikakisalimia.