Asubuhi Tuliyolegeza Vali za Pikipiki ya Baba

Enzi zetu, kabla pikipiki hazijajaa kila kona ya Nairobi, ukisikia moja ikinguruma mtaani ulijua ni ya nani. Ya baba tuliitambua kutoka uwanjani, kule nyuma ya Adams Arcade, katikati ya kati, ule mchezo wa kukwepa mpira: taka-taka-taka! Tulitupa mpira wetu wa soksi kuukuu tukakimbia kunawa miguu kabla hajafika.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya matengenezo. Ua wetu ulinuka petroli, sabuni ya kipande na chapati za mama. Baba alitandaza gunia, akapanga spana na bisibisi, na sisi watoto tukachuchumaa kando midomo ikiwa myekundu kwa mabuyu. "Shika kazi, si kushika tama," alizoea kutuambia.

Mwaka ule shangazi Wangari, dada mdogo wa baba, aliolewa. Alikuwa amejifunza kuendesha pikipiki ile uani kwetu, akaapa kwamba kanisani ataenda nayo, baba akiendesha. Mama hakupendezwa.

"Baba Njeri, bibi harusi atafikaje kanisani na kelele kama ya mashine ya unga?"

Baba akacheka, lakini Ijumaa jioni akafungua injini arekebishe vali, vile vilango vya hewa vilivyokuwa vikigongagonga. Vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya alikuwa amemwazima rafiki yake wa Ngara, kwa hivyo akapima kwa kukisia. Alizikaza vali hadi zikanyamaza kabisa, akalala ameridhika.

Asubuhi ya harusi, akiwa ndani ya suti, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kiki ilizama kama mguu kwenye matope. Shangazi alisimama mlangoni na gauni lake jeupe, amelishika juu lisiguse vumbi.

"Nimezikaza mno," baba akasema, huku akivua koti. "Vali hazifungi. Pumzi yote inatoroka."

"Niite teksi?" mama akauliza.

"Teksi ya nini?" shangazi akasema. "Njeri, niletee leso. Na wembe mpya."

Nikakimbia. Alijifunga leso juu ya gauni, akachuchumaa. Baba alichomoa plagi, shangazi akaziba tundu lake kwa kidole gumba chenye ukucha uliopakwa rangi jana yake. Baba akazungusha injini kwa spana, polepole.

"Inasukuma! Inasukuma!" shangazi akapiga kelele. Hapo hewa ilikuwa ikibanwa. Baba akaendelea kidogo tu, hadi alama ya T, ya pistoni kufika juu kabisa, ikatokea kwenye kidirisha cha injini. Kisha akalegeza nati, akapitisha wembe, badala ya vile vibati, kati ya skrubu na vali, akaizungusha skrubu hadi wembe ukateleza kwa kukwaruza kidogo, kama unapopita kwenye karatasi. Akaishika skrubu kwa bisibisi isicheze, mama akakaza nati. Ndiyo, mama yule yule, na kofia yake ya harusi kichwani! Vichwa vyetu vinne viligongana juu ya injini ile, na hakuna aliyeomba msamaha.

Vali ya pili ilipokwisha, baba akapima zote upya, akarudisha plagi na vifuniko. Akapiga kiki moja. Taka-taka-taka! Tulipiga vigelegele hadi majirani wakatoka na mswaki mdomoni.

Walifika wamechelewa. Bwana harusi, aliyekuwa ameanza kutokwa jasho pale mbele, aliusikia mlio kutoka Ngong Road akainuka kabla ya mtu yeyote, akitabasamu peke yake. Kwenye picha zote kidole gumba cha shangazi ni cheusi, na amekiinua makusudi.

Siku hizi mpwa wangu anaita pikipiki kwa simu. Ikizimika njiani, anaghairi na kuita nyingine, bila hata kuvua vile visikilizio vya masikioni. Simlaumu, mimi pia ninaishi Westlands, na boneti ya gari langu sijawahi kuifungua. Likigoma, fundi huja na kompyuta yake, nami husubiri kando nikisoma simu. Kazi huisha haraka, tena vizuri. Lakini mikono yangu hubaki safi, na sina wa kugongana naye kichwa.