Kiu ya Yaya

Siku yaya yangu, dada aliyenitangulia kuzaliwa, alipojifungua, mimi ndiye niliyekuwa mkunga wa zamu katika materinite ya hapa Kalemie. Mtoto wa kike alitoka akilia kwa nguvu. Kisha damu ikamwagika, haikukoma. Nilimchoma yaya sindano ya oksitosini, nikamkanda tumbo mpaka kizazi kikakaza. Damu ikakatika, lakini midomo yake ilikuwa imekwisha kuwa myeupe.

Maziwa hayakutoka. Baada ya siku chache akaanza kunywa maji bila kutosheka, ndoo nzima kabla ya saa sita mchana, na mkojo wake ulikuwa mweupe kama maji yenyewe. Nilipojaribu kumzuia, alinishika nguo.

"Mudogo wangu, usininyime. Niko nakufa na kiu."

Dokta alipima mkojo, hakukuta sukari. Akanieleza kwamba oksitosini ina pacha wake, vasopresini. Zote mbili ni homoni, hutengenezwa mahali padogo ndani ya ubongo, na zinakaribia kufanana. Ila moja hukaza kizazi na kusukuma maziwa, nyingine huzuia mwili usipoteze maji. Damu ilipomwagika, mahali pale palikosa chakula, pakafa.

"Ile ya kwanza tuko nayo mu kabati," alisema. "Ya pili ni matone ya puani, yanakaa mu baridi ya frigo. Mu Zaire hii, sijue utayapata wapi."

Shemeji alikuwa na ndugu Kigoma. Wakapanda boti na mtoto wao, nami nikawabebea bidoni mbili za maji mpaka bandarini. Yaya alinishika mkono muda mrefu.

"Nikirudi utanisuka," alisema.

Matone waliyapata Dar es Salaam. Barua yake ya kwanza ilisema: "Jana nimelala mpaka asubuhi. Kikombe kimoja tu." Nilicheka, nikalia. Lakini hakuweza kukaa mbali na dawa ile, basi wakahamia huko moja kwa moja.

Boti ya Kigoma ikiingia, bado ninashuka bandarini kuulizia barua. Tangu siku ile ya boti, mtoto nimemwona kwenye picha tu, amevaa sare ya shule, ana paji la uso la mama yetu. Ninatamani waje hata wiki moja, tukae uani tukianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, nimsikie yaya akigombana na kuku.