Filimbi ya Refa Kwenye Muziki wa Banjo

Jamani, nikisema niliaibika sisemi ile aibu ndogo ya kutoka umevaa soksi rangi mbili, nasema aibu ya kupandishwa jukwaani mbele ya Makole nzima, na anayekupandisha ni mama mkwe, tena mama mkwe ambaye saa ile hata hajui kwamba wewe ndiye mkwe wake.

Mimi ni mwalimu wa michezo huko Ihumwa. Jumamosi ile nilichezesha mechi ya watoto wa shule, na mchumba wangu Neema alikuwa ananisubiri mjini, pale Makole, kwa shughuli mbili: kwanza, kuiona ile bendi ya banjo niliyokuwa nawasumbua nayo watu kutwa kucha kwenye simu, pili, muziki ukiisha, kunitambulisha kwa mama yake, maana mama yake ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama wa muheme (wale wanaopiga ngoma wamezibana mapajani), na siku hiyo walialikwa kupiga pamoja na bendi. Nikafika nimechelewa, jasho linanichuruzika, nimebadili shati tu.

Neema akaniangalia shingoni. "Lameck, hiyo filimbi si uivue?"

"Aah, haina neno," nikasema, nikaisukumia ndani ya shati.

Ndiyo hapo sasa.

Bendi yenyewe, kama hujaisikia, sijui nikueleze vipi. Ni watu wanne tu. Mpiga banjo ni baba mmoja mrefu, mtulivu, anakaa kwenye kistuli na banjo yake (ukiiona utadhani mtu kachomeka shingo ya gitaa kwenye kigoma), halafu vidole vinaanza, na vile vidole havina mwenyewe. Anakuanzishia dansi la zamani, lile la wazee kushikana viuno, hujakaa sawa keshaingia taarabu, mama wa mbele yako ananyoosha mkono kwa madaha, na kabla hajaushusha banjo imeshageuka zeze, unasikia Ugogo wenyewe, vumbi na ng'ombe wanarudi zizini. Pembeni yake yuko dada mwenye filimbi ndogo ya bati, kazi yake kuifukuza banjo, ikipanda anapanda, ikijificha anaitafuta, akiipata wanacheka wote wawili kwa vyombo. Mimi machozi yalinitoka, sikatai.

Wakaingia akina mama wa muheme. Mama Neema akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" tukaitikia kwa kishindo, ngoma zikaanza, banjo ikajipenyeza katikati yake, na mimi nikasimama. Kusimama si kosa. Kosa ni kwamba mkono ulienda shatini peke yake, nikaitoa filimbi, nikapuliza kidogo tu, pii!

"Endelea, kaka!" jirani yangu akanipa moto.

Neema akanivuta suruali. "Kaa chini!"

Sikukaa. Banjo ilifika pale juu kabisa ambapo mtu unasahau jina lako, nikavuta pumzi yote ya kifua, nikapuliza ile ndefu ya kumaliza mpira.

Kumbe Mama Neema huwaongoza wenzake kwa filimbi! Akipuliza fupi, mdundo unabadilika, akipuliza ndefu, wanafunga na kuondoka jukwaani. Mimi ningejuaje? Ngoma zikanyamaza zote, puu! Nusu ya akina mama wakageuka kutoka, nusu nyingine wakabaki wanashangaa, waliogeuka wakagongana na waliobaki, na mama mmoja mwenye mwili wake akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kistuli cha mpiga banjo, baba wa watu akaenda chini. Lakini sikiliza: hakukosa hata uzi mmoja. Alianguka anapiga, akakaa sakafuni anapiga, kofia imemfunika macho, anapiga.

"Nani kapuliza?" Mama Neema akashuka jukwaani.

Hapo mtu mwenye akili angesema ni mimi, mama, nisamehe. Mimi niliitia filimbi yote mdomoni, nikaificha kwenye shavu. Kamba sikuikumbuka. Ilikuwa inaning'inia kidevuni kama ya mbuzi aliyejitafunia kamba yake.

Akasimama mbele yangu. Akaitazama ile kamba. "Kijana, ni wewe?"

Nikaona nianze na adabu. Nikainama. "Shikamfiii."

Watu walivyocheka! Nikataka kusema samahani, ikatoka "samafiii", nikakohoa, ikalia tena. Kule sakafuni banjo ikaiga mlio wangu vilevile, dada wa bati akaujibu, wakaufanya wimbo papo hapo, na uwanja mzima ukaanza kuimba "samafiii, samafiii." Mama Neema akanishika mkono (mkono wa mpiga ngoma, usijaribu kuchomoka) akanipandisha jukwaani, akaivuta kamba, filimbi ikatoka na mate yake.

"Haya, kwa kuwa unaijua kazi yangu, ongoza."

Nikapuliza fupi. Ngoma zikaingia. Nikacheza na mabega yangu ya kirefa, sijui nilikuwa nafanya nini, lakini mpiga banjo alikuwa amenyanyuka, ananifuata nyuma anacheka, na nakwambieni, katikati ya aibu ile nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Wimbo ulipokwisha nikamwona Neema chini ya jukwaa, mikono usoni.

"Mama," akasema taratibu, "yule mgeni niliyekuambia... ndiye huyo."

Mama Neema akanitazama kuanzia viatu vyenye vumbi la Ihumwa mpaka kidevuni. Kisha akawageukia wenzake.

"Basi si haba," akasema. "Huyu akikosea, angalau tutamsikia."

Posa ilipokelewa. Lakini nimeapa: muziki unaponipagawisha siku hizi napiga makofi tu kama watu wengine, na Neema hukagua kwanza mifuko yangu.