Fundi Aliyeacha Kuitika

Sichana binti Simai alikuwa na kesi na mumewe, na kesi yenyewe ilikuwa ya neno moja: naam. Makunduchi alikolelewa, mtu akiitwa huitika, hata kama mikono imo kwenye unga, hata kama amenuna. Kutoitika ni kumwambia mwenzio hastahiki hata pumzi yako. Na Mabrouk, fundi jenereta wa Mlandege, mume wake wa miaka thelathini na minne, alikuwa hamwitikii yapata mwaka sasa.

Humwita kutoka jikoni kwao Kikwajuni: "Baba Nadra!" Kimya. Humwita tena, sauti imepanda. Kimya. Akimfuata barazani humkuta amekaa zake, na akimwona tu hutabasamu kama mtu asiye na kosa. Tabasamu hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kwa watu alisema mzee kachoka. Moyoni alikwisha kata hukumu: kanichoka mimi, pengine ana mwengine anayemwitikia.

Kwa hiyo Alkhamisi ile alipopakua wali na mchuzi wa changu kwenye hotpoti, begi lake lilikwisha fungwa. Angempelekea chakula kazini, maana mume hata ukimwacha humwachi na njaa, kisha angemwambia kwamba jioni anakwenda kwa kaka yake Makunduchi na harudi mpaka afuatwe.

Mabrouk alikuwa mtaa wa Amani, kwenye nyumba ya uzazi ya Bi Badria. Kidhibiti volti cha jenereta kilikuwa kimeungua, kile cha zamani chenye skrubu moja ya kuzungusha, na sasa alikuwa akifunga kipya cha kidijitali: kisanduku chenye kioo kidogo na vitufe vinne. Ndani vitanda vya joto vya watoto njiti vilikuwa vikingojea umeme wa uhakika.

Sichana hakufika hata getini. Alisimama njiani na hotpoti yake. Jenereta ilikuwa inalia.

Kuunguruma ni jambo jengine. Hii ilikuwa inalia. Mwanamke huyu hajasomea umeme, lakini ile miezi mitatu kisiwa kizima kilipokaa kiza, nusu ya jenereta za mji zilipita uani kwake, na Mabrouk alizitengeneza kwa sikio. Alizungusha skrubu huku kichwa kakiinamisha, mpaka sauti ikae kitako. Sichana alikuwa pembeni anakuna nazi, na kama macho hayana pazia, masikio nayo hayana mlango. Aliijua mashine iendayo sawa kama anavyojua wali umekauka kwa kusikia chungu. Hii ilikuwa inakimbizwa.

Alimkuta mumewe amechutama mbele ya kioo, karidhika.

"Mbona inalia hivi?"

Hakujibu mpaka alipoinua macho akamwona. Tabasamu lilelile. Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Volti mia mbili na thelathini. Mwanzo ilikuwa ikigota mia na tisini na nane, haipandi. Nkaongeza mwendo wa injini, ikapanda."

"Inalia, Baba Nadra."

"Eti?"

Akawa anaitazama midomo yake, kwa bidii, kama mtu anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Sichana akazunguka akasimama nyuma yake, akaita kwa sauti yote aliyojaaliwa: "Baba Nadra!"

Bi Badria akachungulia dirishani. Mbuzi wa jirani akageuka. Mabrouk akaendelea kubonyeza vitufe vyake.

Hasira ya mwaka mzima ikamwisha palepale, na mahali pake pakaingia huruma, na haya pia. Akamgusa bega. Mabrouk alipogeuka, mkewe akamwonyesha sikio tu. Mzee akainamisha uso, akaizima mashine.

"Tangu lini?"

"Ramadhani ya mwaka juzi. Lilianza la kulia."

"Na hukunambia?"

"Fundi jenereta asiyesikia, Mama Nadra, nani atamwita? Nlisema labda yatarudi."

"Na mie nkadhani hunitaki."

"Sikutaki?" Alistaajabu hasa. "Wewe?"

Sichana akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya, tazama mashine yako. Mwendo inasema ngapi?"

Akaiwasha, akabonyeza, akasoma: mizunguko hamsini na minane kwa sekunde, na ya kwetu ni hamsini. Hapo akaelewa. Kisanduku kilikuja kimepangwa kwa nchi zinazotumia sitini. Mwendo ukiwa chini ya hamsini na nane, chenyewe huteremsha volti makusudi ili kulinda mashine. Badala ya kukipanga upya, alikuwa ameikimbiza injini kukifuata. Mwenye masikio angejua kwa dakika moja. Ingeachwa hivyo, isingemaliza wiki.

Akapapata pahala pa kupangia mpaka huo, akauteremsha hadi arubaini na nane. "Sasa mie nsome, wewe usikilize."

Sichana akafumba macho, akanyanyua mkono. Mabrouk akapunguza mwendo taratibu, jicho kwenye kiganja cha mkewe. Kiganja kikashuka, kikashuka, kikatua. Akatazama kioo: hamsini kamili, na volti hazikutikisika.

Kisha akaenda mwenyewe dirishani. "Bi Badria, nna neno. Mie sisikii vizuri."

"Nshaona," alisema Bi Badria. "Basi mwezi ujao mje kuikagua nyote wawili."

Walikula kwenye kizingiti, hotpoti katikati. Mabrouk akamgeukia mkewe uso kwa uso. "Mwaka wote ulokuwa ukiniita, ulikuwa ukinambia nini?"

Sichana alifikiri. Mengi yalikuwa chakula tayari, na anua nguo mvua hiyo. Mengine yalikuwa maneno ambayo hayarudii mbele ya mtu. Na moja lilikuwa ndilo lililomfungisha begi.

"Wiki tatu nyuma Nadra kanipigia simu kutoka Pemba. Nkakwita, nkakwambia nlipo jikoni. Ana mimba. Hata hukugeuka."

Mabrouk akarudisha tonge kwenye hotpoti.

"Sema tena," alimwambia. "Polepole, nikuone."