Fundi Sikio na Kikomo cha Injini

Mume wangu mtaani walimwita Fundi Sikio. Jina hilo alipewa kabla sijamjua, na alipokuja kunioa shangazi yangu alicheka akasema, "Angalau huyu atakusikiliza." Alinisikiliza kweli, mpaka alipoanza kunitazama midomo.

Kazi yake ilikuwa magari yenye sapachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuishindilia injini hewa. Injini ikienda mbio, pampu nayo inakwenda mbio. Hewa inaongezeka, lakini inapata joto, na joto likizidi mafuta yanawaka kabla ya wakati wake. Hapo husikika mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Gari bado litakimbia, tena litakimbia vizuri sana, huku pistoni zinaliwa kidogo kidogo.

Ndiyo maana kompyuta ya gari huwekewa kikomo: mizunguko ikifika hapo, injini inajikata yenyewe. Wenye magari siku zote wanataka kikomo kiwe juu. Mume wangu alikipandisha mpaka kokoto zilipoanza, kisha akashuka mizunguko mia tano. "Hizo mia tano si zangu wala si zako," aliwaambia. "Ni za injini, izeeke nazo."

Gari lilifungwa minyororo juu ya rola, yale mapipa ya chuma ya sakafuni, magurudumu yakizunguka papo hapo. Kwenye injini alikaza bomba dogo la shaba, na kutoka hapo mpira mrefu ulipita dirishani hadi kwenye vifuniko vya masikio alivyovaa, naye ameketi kwenye usukani anakanyaga mafuta. Mpira huo aliutia tawi la pili lenye vifuniko vyake, ili mteja mbishi asikilize mwenyewe.

Niligundua jambo lenyewe siku mtoto alipokuwa analia nyuma ya mgongo wake, na yeye anakata kucha bila habari. Nikaangusha sufuria makusudi. Hakugeuka. Alipogeuka hatimaye, akaniona nimekaa chini natokwa na machozi, akauliza nani amekufa.

"Husikii," nikamwambia.

Aliendelea na kucha mpaka akamaliza kidole. "Sauti nene nasikia. Nyembamba zimekwenda. Daktari amesema hazirudi." Kisha akasema, "Mjomba akijua, tumekwisha."

Mjomba ni ndugu wa mama yake. Gereji ni yake, na chumba tulicholala, nyuma ya stoo ya matairi, ni chake pia. Kokoto ni sauti nyembamba. Fundi asiyeisikia anaua injini ya mtu huku anatabasamu.

Basi tukatafuta njia. Nikawa napeleka chai, nakaa juu ya tairi kando ya ukuta na mwanangu mapajani, nimevaa vile vifuniko vya pili chini ya mtandio. Nikisikia kokoto, namhamisha mtoto kutoka paja hili kwenda lile. Yeye ananiona kupitia kioo cha mbele, anaachia mafuta. Mafundi wenzake wakanitania. "Mama Mtoto, leo redio inasema nini?" Nikawa nawajibu, "Inasema rudini kazini." Walicheka, nami nikacheka nao.

Mtoto ndiye aliyetuponza, maskini, na hana kosa. Kulikuwa na mteja anayepanda na gari lake barabara ya mlimani kwenye mashindano, tulimwita Upepo. Gari lake likiwa kwenye rola, mtoto akapaliwa na kukohoa. Nilimwinua, nikamgeuza, nikampiga mgongoni. Kokoto hazikuwepo. Lakini mume wangu aliniona, akaachia mafuta, akaweka kikomo chini kabisa. Nilipomweleza jioni alishika kichwa kwa mikono miwili. Angerudije kwa mteja kusema amekosea? Angesema alisikia nini?

Upepo alirudi mwenyewe, amevimba. "Mzee," akamwambia Mjomba, "gari langu linakatika kabla halijaamka. Bibi kizee kwenye baiskeli amenipita."

"Sikio hakosei," Mjomba akasema.

"Basi leo nasikiliza mwenyewe." Gari likafungwa tena kwenye rola, mume wangu akaondoa kile kikomo cha chini, akawasha, nami nikakaa mahali pangu. Upepo akaja moja kwa moja kwangu, akanyoosha mkono. "Shemeji, naomba hiyo redio."

Nilivua, nikampa. Masikio yangu yakajaa ngurumo ya rola na kelele ya sapachaja, kelele tupu isiyo na kokoto wala chochote ndani yake. Mume wangu alinitazama kupitia kioo. Mikononi mwa Upepo aliona vile vifuniko. Nilidhani atashuka. Hakushuka. Mjomba alikuwa amesimama pale mlangoni, na mafundi wote wameacha kazi. Akakanyaga.

Mshale wa mizunguko ukapanda. Macho yake yako kwangu, na mimi nimeganda. Nikimhamisha mtoto mapema, Upepo atauliza kwa nini. Nikichelewa, injini inakufa mbele yetu. Nikaamua kumtazama Upepo usoni. Kwanza alitabasamu. Halafu nyusi zikakutana, akabonyeza vifuniko. Halafu akavivua kama vimemchoma.

Nilisimama, sikumhamisha mtoto tu, nilimnyanyua juu ya kichwa changu. Mume wangu aliachia, akazima. Rola ikazunguka peke yake, ikapungua, ikanyamaza.

Upepo alitembea hadi dirishani. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Bwana, mimi si fundi. Zile kokoto nimezisikia zinamwagika. Wewe umevaa kama mimi, mpira ni mmoja. Mbona umeendelea kukanyaga?"

Mume wangu alisoma midomo yake, nikajua ameelewa. Alishuka taratibu, akaanza kufungua mnyororo wa gurudumu la mbele, mgongo wake kwetu. Mjomba akasogea nyuma yake.

"Mpwa wangu. Tangu lini?"

Mnyororo ulilia sakafuni. Hakugeuka.

"Nakuuliza, tangu lini?"

Fundi mmoja aliyezoea kunitania aliinamisha uso, akajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. Mjomba alisubiri. Kisha akanitazama mimi, na nilimwona mzee yule anazeeka zaidi. Akasema chini chini, "Mwambie aache hilo gari. Aache yote. Chumba kaeni kwanza, lakini injini za watu asiguse tena."

Mume wangu alihisi kivuli, akageuka. Akaona nyuso zetu, akazipitia moja moja mpaka akafika kwangu. Alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo mbele ya watu.

"Amesemaje?"

Nikamweka mtoto begani, nikasogea mpaka aweze kuiona midomo yangu vizuri, nikamwambia polepole, neno kwa neno.